Picha ya Pasipoti ya Jengo

Katika studio ya mjomba kuna stuli moja ya mbao ambayo karibu kila mtu wa mtaa wetu amewahi kuikalia. Ukishakaa, maneno ni yaleyale kwa wote, uwe mwalimu au mchuuzi: nyoosha mgongo, shusha kidevu, masikio yote mawili niyaone, usicheke. Taa ziko mbili, moja kulia na moja kushoto, ili usoni kusibaki kivuli hata cha pua. Kivuli kikionekana, ofisini wanairudisha picha, na mteja anakuja kutugombeza sisi. Kwa hiyo nilipomaliza darasa la saba nikaletwa kwa mjomba nijifunze kazi, kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kufukuza vivuli.

Cha pili kilikuwa kusafisha nyuso. Kompyuta iko nyuma ya pazia, na wa kukaa nayo ni mimi. Chunusi nafuta, doa la kola nafuta, mikunjo ya shati naipiga pasi humohumo. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauliza, "Mjomba, na hii nayo nifute?" Baadaye mkono ukazoea, nikaacha kuuliza.

Mwaka huu mkono wa kulia wa mjomba ulianza kutetemeka. Mwanzoni aliuficha kwenye kikombe: akawa anaomba chai nusu, isije ikamwagika. Halafu akawa anautia mfukoni muda wote, kama mtu aliyebeba kitu cha siri. Picha zikaanza kutoka na ukungu. Mama mmoja alikaa kwenye stuli mara tatu kwa picha moja, mara ya nne hakurudi. Mjomba akasema kamera imezeeka. Kamera haikuwa na neno. Mimi nilijua, mkaza mjomba, yaani mkewe, alijua, na yeye mwenyewe alijua kwamba tunajua. Ila neno "mkono" lilikuwa limepigwa marufuku mle ndani bila mtu yeyote kutangaza.

Ndipo akaja msanifu, yule mwanamke aliyechora jengo la maktaba mpya. Mjomba alimpiga picha ya kumaliza shule zamani hizo, na mama yake bado ameitundika sebuleni. Sasa alitaka picha moja tu ya jengo lake, kubwa, ya kuwekwa mlangoni siku ya ufunguzi.

"Wapiga picha wapo tele, mzee," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyemliza mama yangu."

"Alilia kwa sababu ulikuwa umekonda," mjomba akamjibu, wakacheka wote wawili.

Mkaza mjomba alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. Hakucheka. Alingoja mgeni aondoke, akaliweka birika chini.

"Haya bwana, hiyo kazi utaifanya kwa mkono upi?"

Neno likawa limetoka. Mimi nilijifanya nafuta kioo cha kompyuta.

"Jengo halipepesi macho," mjomba akasema. "Kamera itakaa kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Mkono wa nini hapo?"

"Na wakiirudisha?"

Mjomba alisogeza kikombe chake. "Wakiirudisha, kamera inaingia sandukuni, na ufunguo unakaa nao wewe. Sitauomba."

"Sisemi kwa ubaya, baba. Sitaki tu siku moja mtu akucheke usoni."

"Najua," alisema mjomba. Akainywa chai yake nusu.

Tulikwenda saa kumi jioni, jua likiwa linaupiga ukuta wa mbele sawasawa, bila kivuli hata kimoja. Mjomba alifurahi. Alisema jengo limejileta lenyewe mbele ya taa. Tukasimama katikati kabisa ya lango, stendi ikanyooka, jengo likaingia lote, kulia na kushoto sawa kama limepimwa kwa rula. Niliitega kamera ihesabu sekunde kumi ijipige yenyewe, kama watu wanavyojipiga picha za familia, na mjomba akakaa pembeni mkono mfukoni. Picha ikatoka safi. Hapakuwa na ukungu. Njiani alikuwa anapiga mluzi.

Siku iliyofuata nikakaa nyuma ya pazia na kazi yangu. Niliona ukuta umejaa mistari myembamba ya kijivu ya kukingama, kuanzia juu hadi chini, na madoamadoa ya duara kama makovu ya ndui. Nikahurumia. Jengo jipya, watu wanalifungua Jumamosi ya wiki ijayo, na lina uso namna hii! Nikafuta. Nilifuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mstari kwa mstari, na kusema kweli sijawahi kusafisha uso nikapendezwa vile. Ukuta ukawa laini kama yai.

Msanifu alikuja Jumatatu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akairudisha.

"Mzee, ukuta wangu umekwenda wapi?"

"Si huo hapo?"

"Huu umenyolewa." Akageuza picha ili na mimi niione, kana kwamba sikuwa nimeiona. "Hapa palikuwa na alama za mbao. Zile mbao walizomwagia zege, nilizichagua mimi, ubao kwa ubao. Vile viduara ni vifundo vya mti. Nimegombana na mkandarasi miezi minne ili asiupige lipu ukuta huu. Miezi minne! Na ninyi mmeupiga lipu kwa siku moja."

Nilihisi masikio yanawaka. "Ni mimi niliyefuta, dada. Mjomba hakuniambia. Nilidhani ni uchafu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaniomba nimwoneshe picha ilivyokuwa kabla sijaigusa. Tukaenda wote nyuma ya pazia, yeye, mimi na mjomba, tukabanana kama watu waliokimbia mvua. Akaitazama muda mrefu.

"Sikulaumu," alisema. "Hata hapa mistari ipo lakini imelala. Mtu yeyote angeiona uchafu. Mzee, usichukie. Mmelipiga jengo langu picha ya pasipoti. Limenyoosha mgongo, masikio mawili yanaonekana, na halicheki."

Mjomba alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani.

"Ulitaka lionekaneje?" aliuliza.

"Mchana, watu wakichoka na jua, wanakuja kuuegemea ukuta ule. Ni wa baridi. Nataka mtu akiitazama picha ausikie ule ubaridi mgongoni." Akachukua mkoba wake. "Alhamisi asubuhi lazima nipeleke kitu kwa wachapaji. Nikikosa, wataweka mchoro wa kwenye karatasi. Si vibaya. Umejitahidi, mzee wangu."

Hilo "umejitahidi" ndilo lililommaliza. Mgeni alipotoka, mjomba alichukua kitambaa cheusi, akaanza kuifunga kamera, mkono ukimhangaisha. Kitambaa kilimponyoka mara mbili.

"Mwambie mkaza mjomba wako atafute ufunguo wa sanduku."

"Mjomba, nipe siku moja nikalitazame."

"Utazame nini? Jengo si umeliona?"

"Nimeliona saa kumi tu. Saa nyingine sijui linafanya nini."

Alinitazama kama nimesema upuuzi, lakini mikono yake iliacha kufunga.

Jumanne saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, kwenye kona, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na daftari, kalamu na chupa ya maji. Sikubeba kamera. Kamera ingenifanya niwe na haraka. Kila nusu saa niliandika: kivuli kiko wapi, ukuta una rangi gani, vioo vinaonesha nini. Asubuhi ukuta wote ulikuwa kivulini, wa kijivu, kimya kama mtu aliyeamka hataki kusemeshwa. Vioo vya ghorofani vilikuwa vimechukua picha ya mnara wa jirani, umepindapinda. Saa tatu mawingu. Saa nne niliandika "hakuna kitu". Saa tano nikaandika tena "hakuna kitu".

Mlinzi wa lango, mwanamke mnene mwenye kofia iliyomzidi, alikuwa ananiangalia tangu asubuhi. Mwisho akavuka barabara.

"Mdogo wangu, wewe ni mkaguzi au umefukuzwa na mume?"

"Nalitazama jengo, dada."

"Tangu saa moja? Mimi wananilipa nilitazame na bado nasinzia." Akachungulia daftari langu. "Hakuna kitu, hakuna kitu. Sasa si uende nyumbani?"

"Bado haijafika saa kumi na mbili."

"Makubwa! Basi likitoroka nishtue." Akarudi kwenye benchi lake, akauegemeza mgongo ukutani, akafumba macho. Niliona vile mabega yalivyoshuka. Ule ubaridi alioutaja msanifu ulikuwa pale, mgongoni mwa mtu, ila nikawa sijui unapigwaje picha.

Saa sita ilipofika nilitaka niinuke nikatafute chakula. Kwetu saa sita ni saa ya kufunga kamera. Mjomba husema jua la saa sita ni la kuanika nguo, si la kupigia picha, kwa sababu linamwagika kutoka utosini na kumfanya mtu macho yawe mashimo na pua iote ndevu. Nilikuwa nimeshasimama. Ndipo nikaona juu kabisa, ukingoni mwa paa, ukuta umepata uzi mweupe.

Jua lilikuwa limevuka paa. Lilikuwa linateremka kwenye ukuta taratibu, limeukwaruza tu kwa ubavu. Kila ubao uliowahi kulala pale ukaamka. Kila mstari ulikuwa na mdomo mweupe juu na kivuli chembamba chini yake. Vifundo vikawa macho. Yale madoa niliyoyafuta asubuhi nzima yalikuwa na kina, unaweza kutia ncha ya kidole. Na nusu ya chini, mlinzi alipokuwa amekaa, bado ilikuwa kivulini, ya buluu kidogo. Mwanga ukateremka mpaka ukafika kwenye kofia yake. Akafumbua macho, akatazama juu kama mtu aliyemwagiwa maji, akaanza kuinuka, kiganja chake kikabaki ukutani kwanza. Kama hataki kuuacha.

Niliandika: "saa sita na dakika arobaini, mpaka saa saba". Mwandiko ulikuwa mbaya kwa haraka. Nilibaki mpaka saa kumi na mbili kama nilivyosema, lakini mengine yote yalikuwa hakuna kitu.

Mjomba hakuamini. "Saa sita? Nimekufundisha mimi au amekufundisha mlinzi?"

"Mtu ndiye anayeharibika saa sita, mjomba. Jengo ndipo linapoamka."

"Na ulisimama wapi?"

"Kwenye kona. Ukisimama pale unaona mbele na ubavu. Mbele kuna mwanga, ubavuni giza. Kama uso uliogeuka."

Nilimwona anafikiri, kichwa kimeinama upande, vile anavyofanya yeye kila bibi harusi anapoingia studioni. Maana kwa picha za harusi mjomba hasemi masikio mawili. Kwa harusi husema geuza bega, tazama mbali, acha shavu moja lilale. Ujuzi alikuwa nao siku zote. Ila tulipoambiwa jengo, sote wawili tuliona kitu rasmi, tukakimbilia kwenye stuli.

"Jengo haliwezi kuambiwa geuza bega," alisema pole pole.

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa hiyo unageuka wewe." Akaanza kuifungua kamera.

Jumatano tulifika mapema. Mkaza mjomba alikuja pia. Hakusema amekuja kwa nini, alibeba mwavuli tu. Mjomba akachukua nusu saa kuipanga stendi. Aliisogeza hatua mbili kushoto, ili nguzo ya taa isitoke kichwani mwa jengo kama pembe. Akaishusha mpaka usawa wa kifua cha mtoto, ukuta ukarefuka. Mimi ningeweka jengo lote. Yeye alilikata upande wa kulia, akaacha anga kubwa tupu upande wa kushoto.

"Mbona unalikata, mjomba?"

"Linatazama kule. Likitazama kule liache lipate pa kutazama."

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi lake. "Nivue kofia?" alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Nitabasamu?"

"Sinzia tu, mama!" mjomba akamjibu. "Sinzia kama kawaida yako!"

"Mwambie bosi wangu ni wewe uliyeniruhusu!"

Saa sita na nusu wingu likaja, likakaa. Tulilitazama wote watatu. Likaondoka. Uzi mweupe ukatokea juu ya paa, ukaanza kuteremka.

Nikaitega kamera ihesabu sekunde kumi. Moja, mbili... ilipofika tisa lori likapita mbele yetu. Nikatega tena. Safari hii njia ilikuwa tupu, lakini mlinzi alipiga chafya, picha ikamkuta amejikunja. Tena. Sekunde ya saba kipande cha wingu kikapita juu ya jua, ukuta ukalala, kamera ikajipiga, ukuta ukaamka. Sekunde kumi ni nyingi mno kwa kitu kinachokwenda. Saa kumi jioni jengo lilikuwa limekaa tu likitungoja. Sasa lilikuwa linapumua, na kamera ilikuwa inafika imechelewa.

Mwanga ulikuwa umeshapita madirisha ya ghorofa ya kwanza.

Mjomba akautoa mkono mfukoni. Sikuwa nimeuona hadharani muda mrefu. Aliuweka juu ya kamera, akasubiri, akabonyeza. Stendi yote ikacheza. Tulitazama kwenye kioo cha nyuma: ukungu. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akabonyeza tena. Ukungu. Mkaza mjomba aligeuka akatazama magari.

Nilifikiri atasema tufunge. Nilikuwa nimeshajiandaa kubeba stendi. Lakini hakusema hivyo. Aliinama, akaweka jicho kwenye kamera, na mikono yote miwili akaifunga nyuma ya mgongo, kama mzee anayekagua shamba.

"Lete kidole," alisema.

"Mjomba?"

"Kidole chako. Kiweke. Usibonyeze mpaka niseme."

Nikakiweka. Uso wake ulikuwa karibu na mkono wangu, nilisikia pumzi yake. Mimi sikuwa naona kinachoonekana mle ndani. Nilikuwa naona ukuta wenyewe, ng'ambo, na mwanga unaosogea kuelekea kwenye kofia.

"Subiri," alisema. Basi dogo likapita. "Subiri." Wingu likagusa jua, likaliachia. "Subiri, binti, subiri..." Mwanga ukafika kwenye kofia. Mlinzi akafumbua macho, akainua uso, akaanza kuinuka, na kiganja kikabaki ukutani.

"Sasa."

Nikabonyeza.

Hatukuitazama palepale. Mjomba alikataa. Alisema wacha kwanza tukae chini, na akakaa kwenye ngazi ya duka, mkono wake ukitetemeka juu ya goti, nje, mbele za watu. Mkaza mjomba akafungua mwavuli juu yake.

Kwenye kompyuta sikufuta kitu. Kuna waya wa umeme uliokuwa umepita pembeni ya anga, vidole vyangu viliwasha sana, lakini nilimwita mjomba nikamuuliza, "Na huu?" Akasema, "Uache. Ndipo ulipo."

Alhamisi msanifu alisimama na picha dirishani kama mara ya kwanza. Safari hii hakuirudisha. Alipitisha kidole kwenye mistari bila kuigusa, akafika kwa mlinzi, akasimama pale.

"Anauaga ukuta," alisema.

"Anasinzia kazini, huyo," mjomba akasema. "Usimwambie mtu."

Msanifu alicheka, kisha akafuta jicho upesi kwa mgongo wa mkono. "Mzee, hii umeipigaje? Niandike jina lako chini yake."

Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni na birika. Niliangalia chini. Nilijua mjomba angeweza kunyamaza tu na jambo likaisha. Mimi nisingesema. Mkewe naye asingesema.

Mjomba akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani kando ya picha. Meza ilikuwa inagongwagongwa kidogo na kucha zake, tik, tik.

"Mkono wangu ndio huu," alisema. "Haushiki tena. Jicho ni langu. Saa aliitafuta huyu binti, siku nzima kwenye ngazi, na kidole ni chake. Ukiandika jina, andika mawili. Ukiona haifai, mwambie mkaza mjomba wake, yeye ndiye mwenye ufunguo."

Msanifu aliutazama ule mkono. Hakuukwepa na hakuukazia macho. Akasema, "Hata mimi ukuta huu sikuumwaga peke yangu," akatoa kalamu, akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Alipoondoka, mkaza mjomba alimimina chai. Alikijaza kikombe mpaka juu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akakunja kitambaa akakiweka chini yake. Mjomba akakiinua kwa mikono miwili. Chai ikamwagika kiasi. Akainywa yote iliyobaki.

Adhuhuri akaingia kijana anataka picha ya pasipoti. Nilimkalisha kwenye stuli, nikawasha taa mbili, kwa sababu pasipoti ni pasipoti. Mjomba alikuwa ameshainama, jicho kwenye kamera, mikono nyuma ya mgongo.

"Nyoosha mgongo," alimwambia. "Masikio yote mawili niyaone. Usicheke." Halafu bila kugeuka akaita, "Kidole! Uko wapi?"

Hilo ndilo jina langu studioni siku hizi.